Mashua ni Yetu Sote, Lakini Aliyechoka ni Mimi

BARUA YA MSOMAJI

Mshauri mpendwa,

Nimesita sana kukuandikia, kwa sababu nahofia tatizo langu litaonekana la anasa mbele ya barua za watu waliofiwa, waliotelekezwa au wasio na kazi. Tuna mashua ya matanga yenye urefu wa mita 12, ya fibaglasi, iliyoundwa mwaka 1986, na swali la kuiuza au kuendelea nayo limeanza kututenganisha mimi, mume wangu na watoto wetu wawili ambao sasa ni watu wazima.

Wazo la kuinunua lilikuwa langu. Nimekua na matanga. Marehemu baba alinipa usukani nishike kabla sijajua kuendesha baiskeli. Mume wangu hakuwa mtu wa bahari hata kidogo, na miaka ya mwanzo kichefuchefu kilimlaza kila mawimbi yalipoinuka. Nilimbembeleza mpaka akakubali, tukanunua mashua iliyochakaa kwa bei tuliyoimudu, binti yetu akiwa na miaka tisa na mdogo wake sita. Kisha tukaanza kuiandaa kwa safari ndefu, na kwa miaka minne karibu kila akiba yetu iliishia humo. Tulibadilisha waya zote zinazoshikilia mlingoti, tukashonesha tanga kuu jipya, tukafunga paneli za sola na betri, mtambo wa kugeuza maji ya bahari kuwa ya kunywa, kifaa cha upepo kinachoongoza usukani bila mtu kuushika, wavu wa pembeni wa kuwazuia watoto wasianguke majini, na vitanda vyenye kingo ili wasitupwe sakafuni usiku. Mume wangu, ambaye kazi yake ni ya ofisini, akagundua katika miaka ile kwamba ana mikono ya fundi.

Hatimaye tukaenda. Tulichukua likizo bila malipo, tukawasomesha watoto wenyewe, tukavuka Atlantiki kutoka Visiwa vya Kanari hadi Karibi, maili za baharini zipatazo 2,700, tukisukumwa na pepo za biashara, zile zinazovuma bila kukoma kuelekea magharibi, kisha tukarudi kwa njia ya visiwa vya Azores. Sitajaribu kueleza uzuri wa safari ile. Nitasema tu kwamba nilikuwa nahodha, na kwamba wale watatu waliniamini kiasi cha kulala usingizi mzito nilipokuwa zamu peke yangu usiku.

Sasa imepita zaidi ya miaka kumi tangu turudi. Safari zilizofuata zilikuwa za msimu mzima, baadaye za wiki mbili, baadaye za mwisho wa juma, na mwisho zikakoma. Kwa misimu miwili mashua imekaa nchi kavu, imeegemezwa kwenye nguzo katika uwanja wa kuwekea vyombo, nasi tunalipia uwanja, bima na turubai. Mume wangu huenda huko karibu kila Jumamosi na daftari lake la kazi. Nikitaja kuuza hunijibu, kwa upole kabisa, "Tuimalize kwanza." Daftari la kwanza lilijaa na sasa yuko kwenye la pili.

Mimi nimechoka. Bega langu limefanyiwa upasuaji na siwezi tena kuzungusha winchi, ile roda ya kuvutia kamba za matanga, upepo ukiwa mkali, lakini uchovu ulianza kabla ya bega. Mimi ndiye mweka hesabu, mimi ndiye hujibu barua za bima, na hata leo upepo ukivuma usiku nikiwa kitandani mwangu huamka nikiiwaza nanga, ilhali mashua haimo majini.

Mambo matatu yamenisukuma niandike sasa. La kwanza ni injini: fundi amesema ya zamani haistahili tena kufumuliwa, na mume wangu anataka kuagiza mpya. Arubuni inatakiwa kabla ya mwisho wa mwezi ujao, na gharama yote, pamoja na kuifunga, inakaribia nusu ya bei ambayo mashua ingeuzwa. La pili ni binti yetu, aliyesikia habari za kuuza akalia kwenye simu na kuomba apewe yeye. Ana kazi ya mkataba na anaishi mbali sana na bahari. Mdogo wake alisema neno moja tu: "Uzeni, na msinitumie tena picha za mashua." La tatu ni kwamba niliwakuta uwanjani mume na mke, vijana wenye mtoto mdogo, wakiizunguka mashua yetu kwa macho ninayoyafahamu. Walinipa namba yao ya simu. Sijamwambia mume wangu, wala sioni kwamba nimekosea. Nilitaka kwanza nijue ninachokitaka mimi.

Nikinyamaza, tutanunua injini ya mashua ambayo hakuna anayesafiri nayo. Nikisema, nitakuwa nimemnyang'anya mume wangu kitu ambacho mimi mwenyewe nilimlazimisha akipende. Je, nina haki ya kudai tuiuze?

Nahodha Aliyechoka

JIBU LA MSHAURI

Dada yangu mpendwa,

Kwanza iondoe ile samahani uliyoitanguliza. Kitu kilicholea watoto, kikala akiba ya nyumba na kukukesha usiku kwa zaidi ya miaka kumi na tano si anasa tena, hata kama wapita njia wangekiona hivyo.

Umeniuliza kama una haki ya kudai mashua iuzwe. Nimeisoma barua yako mara kadhaa, na ninavyoielewa ina maswali mawili yaliyofungwa kamba moja. Swali la injini lina tarehe. Swali la mashua halina. Kwa kuwa yamekuja pamoja, la kwanza limelipatia la pili haraka ambayo si yake, na nadhani sehemu ya hofu yako inatoka hapo. Huenda ikafaa kuyafungua yasimame mbalimbali, na kwa hiyo nitaanza na lile lisilo na tarehe.

Shemeji anasema, "Tuimalize kwanza." Wewe unajua kuliko mimi kwamba mashua haimaliziki. Zile waya za mlingoti mlizozibadilisha mwanzoni kabisa zimekwisha kuingia katika umri ambao kampuni nyingi za bima huuliza maswali, kwani huwa zinataka waya za chuma cha pua zikaguliwe au zibadilishwe baada ya miaka 10 hadi 15. Nazo huudhi kwa sababu nje zinang'aa, wakati kutu inatafuna ndani ya vifungio vya ncha, mahali ambapo maji ya chumvi huingia na hewa haifiki. Hivyo kazi ya kwanza ya daftari la kwanza inarudi kwenye daftari la pili. Wala kukaa nchi kavu hakusimamishi umri: mapezi ya mpira ya pampu ya maji hubaki yamejikunja, betri hufa taratibu, maji yakijikusanya chini ya tangi la dizeli huotesha vijidudu vinavyoziba vichujio, na jua halichagui kamba iliyo kazini na iliyopumzika. Kwa hiyo shemeji hasemi uongo anapoandika kazi mpya. Kazi zipo kweli. Ila "tukimaliza" ni tarehe ambayo haimo katika kalenda yoyote, na sidhani kwamba mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka yote hii halijui hilo.

Hapa naomba nikuulize kitu kwa utaratibu. Umechukulia kwamba mumeo anaing'ang'ania mashua. Lakini katika barua yako nzima hukuandika popote kwamba anataka kusafiri, wala kwamba anakuhimiza muishushe majini. Uliandika, kwa kupitia tu, kwamba mtu wa ofisini aligundua kuwa ana mikono ya fundi. Je, inawezekana kwamba anachokishikilia ni Jumamosi? Yaani mahali ambapo anajua la kufanya, ambapo kitu kibovu asubuhi huwa kizima jioni, na ambapo pengine wenzake wa uwanjani humwita kwa jina na kuja kumwazima bisibisi na ushauri? Kama ni hivyo, kuuza mashua kutamwondolea kitu tofauti na kile unachodhani, na huenda kuna njia nyingine ya kukilinda. Yawezekana pia nimekosea, na moyoni mwake kuna safari ambayo hajathubutu kukutajia kwa sababu anaona umechoka. Mambo haya mawili yanahitaji majibu tofauti kabisa, na mwenye kuyajua ni yeye peke yake.

Jambo jingine ni hilo deni unalojiwekea. Umesema ulimlazimisha aipende. Ulimbembeleza aipande, hilo nakubali. Lakini mtu hawezi kulazimishwa kupenda kwa miaka yote hiyo, tena kwa hiari yake, siku za mapumziko, katika baridi na vumbi la msasa. Mapenzi hayo ni yake. Ukiendelea kuyahesabu kuwa kazi ya mikono yako, utajiona mwizi kila utakapotaka kusema neno, na yeye utamfanya abiria katika jambo ambalo kwa muda mrefu amekuwa mshika zamu.

Nahisi pia kwamba bado unalitazama jambo hili kwa jicho la nahodha, kana kwamba uamuzi lazima utoke kwako na lawama zote zikurudie. Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama, na baharini walikuwa sahihi. Lakini chombo kilichoegemezwa kwenye nguzo hakiendi mrama wala hakiendi popote, na kwa muda huu kinaweza kuvumilia sauti nne.

Nawe je? Ulipotaja uchovu wako ulitaja hesabu, bima, bega na nanga ya usiku. Hukusema kwamba umeichoka bahari. Sisemi kwamba hujaichoka. Nasema tu kwamba hukuandika hivyo, na mtu aliyekua na matanga angeweza kuchoka na dhamana bila kuchoka na upepo. Kuna njia za kulipima jambo hili kabla ya kusaini karatasi yoyote. Unaweza kupanda chombo cha mtu mwingine kwa siku chache, ukiwa mgeni asiye na zamu wala neno la mwisho, uone kama usingizi unakujia. Mnaweza kufikiria chombo kidogo zaidi. Mashua ya mita 8 yenye umbo na uwiano uleule ina uzito usiofikia theluthi moja ya uzito wa ile ya mita 12, kwa sababu uzito hupungua kwa mchemraba wa urefu, na matanga yake huvutwa kwa mikono ambayo haikuwahi kusikia habari za winchi kubwa. Hatari yake ni kwamba watu hununua ndogo kabla kubwa haijauzwa, wakajikuta wanalipia viwanja viwili. Ipo pia winchi ya umeme, ambayo ingelihurumia bega lako. Naitaja kwa woga kidogo, maana katika mashua kila nafuu huja ikiwa mstari mpya wa daftari.

Tuje kwenye fedha, ambazo naamini unazijua kuliko mtu yeyote wa nyumba hiyo. Zile mlizozitumia kuiandaa zilikwisha kufanya kazi yake: ziliwavusha bahari kuu na kuwarudisha salama mkiwa wanne. Hazitarudi kwa mnunuzi. Sola, mtambo wa maji na kifaa cha upepo humvutia mtu anayetafuta, na huenda vikaifanya mashua iuzike mapema kuliko jirani yake, lakini bei haipandi kwa kiasi kilichotumika. Wenye mashua wengi hukadiria matunzo ya mwaka kuwa sehemu ya kumi ya bei ya chombo, na kipimo hicho huwadanganya walio na vyombo vya zamani, kwa kuwa waya, rangi ya chini na ada ya gati hufuata urefu wa chombo, navyo havijui kwamba thamani yake imeshuka. Wewe huhitaji kipimo cha wengine. Chukua hesabu zako za misimu hii miwili, uziweke mezani zilivyo, bila kuzisoma kwa sauti ya mwendesha mashtaka. Ni vigumu, najua. Mweka hesabu aliyenyamaza muda mrefu huwa na mengi ya kusoma.

Injini yenyewe haina jibu rahisi, wala sitakupa. Mkiinunua kisha mkauza, bei itapanda kwa sehemu tu ya mlichotoa, na mtakuwa mmemchagulia mwenye mashua mpya injini ambayo pengine asingeichagua. Mkiuza bila injini, mnunuzi atatoa gharama ya injini katika bei yake, ataongeza kidogo kwa ajili ya usumbufu, na wapo ambao hawatakuja kabisa, kwa sababu chombo kisichowaka hakiwezi kufanyiwa safari ya majaribio ipasavyo. Mkiinunua mkakaa na mashua, basi mtakuwa mmenunua ahadi ya kusafiri, na ahadi hiyo inapaswa kuwa na mtu aliyeitoa. Kabla ya arubuni, wengi walio katika hali yenu huona faida ya kumwita mkaguzi wa vyombo asiye na maslahi, aitazame mashua nzima: bolti za mkuku, yaani uti wa chini wa mashua, sitaha kama haijalainika kwa maji yaliyopenya, mlingoti na vali za chini. Malipo yake ni madogo mbele ya injini, na ripoti yake ina kazi mbili. Mkibaki nayo, mtapata orodha iliyoandikwa na mtu asiyeipenda mashua yenu. Mkiuza, mtajua mnauza nini. Lakini ijueni hatari yake pia. Kasoro ikishaandikwa hamwezi kujifanya hamkuijua, na katika nchi nyingi muuzaji anayeificha kwa makusudi anaweza kushtakiwa. Isitoshe, mnunuzi makini ataleta mkaguzi wake mwenyewe hata mkimwonyesha ripoti yenu.

Kuhusu binti yenu, nimeguswa na kilio chake, na pia kimenifanya nijiulize maswali. Anaitaka mashua aiendeshe, au anataka tu ijulikane kwamba ipo? Yote mawili ni matakwa halali, ila la pili halihitaji hati ya umiliki. Mkimpa leo, mtakuwa mmempa pia ada ya uwanja, injini mfu na maswali ya kampuni ya bima, ambayo kwa chombo cha umri huo itataka kujua mwendeshaji ana uzoefu gani na ripoti ya mwisho ya ukaguzi ni ya lini. Kama nia yake ni ya kweli, zipo njia za katikati. Umiliki wa chombo unaweza kugawanywa. Katika sehemu kuu ya sajili ya meli ya Uingereza, kwa mfano, kila chombo huhesabiwa kuwa na hisa 64, na hizo zinaweza kushikwa na watu tofauti. Familia inaweza kumpa mtoto baadhi ya hisa, kwa mkataba ulioandikwa unaosema nani analipa nini, nani ana neno la mwisho, na mtu anajitoaje akishindwa. Mnaweza pia kumwachia abebe gharama na kazi zote kwa msimu mmoja kabla ya karatasi yoyote kubadilika. Kinachonitia wasiwasi katika njia hii ni kwamba akishindwa anaweza kuamini kwamba yeye ndiye aliyeiua mashua ya utoto wake, na huo ni mzigo usiomfaa kijana wa mkataba wa muda. Na mdogo wake msimwache pembeni kwa sababu ya ukali wa ulimi. Mtu anayekataa picha huenda naye ana lake ambalo hajaulizwa.

Sasa ile namba ya simu. Unasema hukukosea, nami sitabishana nawe. Mtu ana haki ya kuukagua moyo wake kabla ya kuufungua. Ninachokiogopa ni kwamba nyuzi za habari katika viwanja vya mashua ni fupi. Wale vijana watarudi, wataulizia kwa jirani, na jirani atampongeza shemeji kwa kupata mnunuzi. Hapo hakuna maelezo yatakayosikika. Kumbuka pia kwamba hao bado si wanunuzi. Kati ya macho yanayong'aa na fedha benki kuna ofa, arubuni, kuinuliwa kwa kreni, mkaguzi, safari ya majaribio na mazungumzo mapya ya bei, na mauzo mengi hufia njiani. Mkiuziana moja kwa moja mtaokoa ada ya dalali, ambayo mara nyingi huwa karibu asilimia 10. Lakini dalali mzuri hushika fedha katika akaunti tofauti, hufuatilia hati, na husimama kati yenu na maneno ya mnunuzi. Usilidharau hilo la mwisho. Mnunuzi anayetaka bei ishuke ataisema vibaya mashua ambayo mwenzio ameipiga msasa kwa mikono yake, na atayasema akiwa amesimama jikoni mwenu, mlangoni mwa vitanda vya watoto wenu. Tena, kwa kuwa wana mtoto mdogo, mnaweza kushawishika kuwapunguzia kwa ajili ya kumbukumbu zenu. Si vibaya, ilimradi nyote wawili mjue kwamba sehemu ile ni zawadi na mmeitoa pamoja.

Iko njia ya nne ambayo haisemwi, nayo ni kuacha mambo yaendelee kama yalivyo. Siikatai, maana kuna ndoa zilizolindwa na subira ya namna hiyo. Ila ina gharama yake. Fibaglasi haiozi, na tangu vyombo vyake vianze kutengenezwa kwa wingi miaka ya 1960, vya zamani vinaongezeka kuliko watu wanaovitaka. Inafika siku mwenye chombo hupaswa kutafuta namna ya kukivunja badala ya kukiuza. Ufaransa ilianza mwaka 2019 utaratibu wa kuvunja mashua za starehe zilizokwisha umri bila malipo, mwenye mashua akigharamia usafiri tu, lakini si kila nchi ina utaratibu wa aina hiyo. Mashua yenu haijafika huko. Kila msimu wa nchi kavu, hata hivyo, huisogeza kidogo upande huo, na huwapunguzia wale vijana, au wengine mfano wao, sababu ya kuizunguka.

Na ikiwa siku moja mtaiuza, kwa yeyote na kwa bei yoyote, kuna jambo moja ambalo nawe kama nahodha ungelikumbuka, lakini wauzaji wengi hulisahau. Kile kifaa cha dharura cha masafa ya 406 MHz, kinachowatumia waokoaji ishara kupitia satelaiti, kimesajiliwa kwa jina lenu na simu zenu. Kibakipo bila kubadilishiwa usajili, siku familia nyingine itakapokiwasha katika dhoruba, waokoaji watampigia mwanamke aliye kitandani mwake, yule yule anayeamka kuiwaza nanga. Kuondoa jina lako katika orodha ile, pamoja na namba ya utambulisho ya redio, ni kazi ya dakika chache, na huenda ndiyo sehemu ya kuuza itakayokupa usingizi kuliko fedha zenyewe.

Kuhusu namna ya kuanza, ningependelea mazungumzo ya kwanza yawe kati yako na shemeji peke yenu, mbali na uwanja, daftari likiwa limeachwa nyumbani, na watoto wapigiwe simu baadaye. Mwambie habari za vijana wale mwanzoni kabisa, kabla ya hesabu na kabla ya bega, ili asije akagundua katikati kwamba mlikuwa mnazungumza na mtu wa tano. Kisha muulize angependa kuwa wapi Jumamosi asubuhi miaka mitatu kuanzia sasa, na umwache ajibu bila kumsaidia. Inawezekana atataja bahari, inawezekana atataja karakana, na inawezekana atakuuliza wewe swali hilohilo. Uwe na jibu, hata kama ni la nusu. Na kama mtaona kwamba mwisho wa mwezi ujao uko karibu mno kwa mazungumzo ya namna hiyo, mpigieni fundi mkiwa pamoja mmwombe asogeze tarehe ya arubuni. Akikataa, ulizeni injini ile itapatikana tena lini, na kwa bei gani.

Mshauri wako